Mizani ya Pili: Nguvu na Kuaminiana katika Historia ya Udhibiti wa Mazao Tanzania

Muhula uliopita, katika semina ya historia ya uchumi, tulikuwa tukijadili sheria za ushirika. Mwanafunzi mmoja kutoka mikoa ya kusini, ambaye kwao wanalima korosho, aliinua mkono na kuuliza swali ambalo halikuwa kwenye orodha yangu: "Mwalimu, chama ni cha wakulima. Bodi imewekwa kwa ajili ya wakulima. Wizara inawatetea wakulima. Mbona baba yangu haamini hata kimoja kati ya vyombo hivyo?" Darasa lilicheka. Nilijibu kwa kutaja wizi na uzembe wa baadhi ya viongozi, kisha tukaendelea na mada. Lakini nilipotoka nje nilijua kwamba sikumjibu. Viongozi wamebadilika mara nyingi katika kipindi cha miaka mia moja, serikali zimebadilika, sheria zimefutwa na kutungwa upya, na malalamiko ya mkulima yamebaki yale yale. Tatizo linalodumu kiasi hicho haliwezi kuelezwa kwa tabia za watu peke yake.

Makala haya ni jibu langu la pili kwa mwanafunzi huyo. Nitapita katika mazao matatu, yaani kahawa ya Kilimanjaro, pamba ya Usukumani na korosho ya kusini, ili kuonesha jambo moja: imani kati ya taasisi zinazodhibiti zao haijawahi kujengwa kwa mahubiri wala kwa amri. Ilijengwa pale ambapo upande dhaifu ulikuwa na njia yake wa kumkagua mwenye nguvu, na ilivunjika kila mara njia hiyo ilipoondolewa, hata ilipoondolewa kwa nia njema.

Kuaminiana si kunyamaza

Tumezoea kuizungumzia Serikali kana kwamba ni mtu mmoja anayedhibiti, na wakulima kana kwamba ni mtu mwingine anayedhibitiwa. Hali halisi haiko hivyo. Zao la biashara hudhibitiwa na kundi la taasisi zinazotegemeana: chama cha msingi kinachopokea mazao, chama kikuu kinachoyakusanya, bodi inayotoa leseni na kusimamia ubora, wizara inayotunga kanuni, benki inayokopesha, kampuni inayonunua, na ofisi ya mkuu wa mkoa au wilaya inayoingilia kati mambo yanapoharibika. Hakuna hata moja inayoweza kufanya kazi peke yake. Wanazuoni huliita kundi la namna hii mtandao wa sera, na hueleza kwamba mtandao huo hushikamana kwa kuaminiana, kwa kuwa hakuna mkataba unaoweza kuandika kila jambo litakalotokea kati ya shamba na bandari.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini yana mtego ndani yake. Taasisi hizo hazilingani kwa nguvu. Moja ina askari na sheria, nyingine ina mtaji, nyingine ina ghala bovu na katibu mmoja mwenye daftari. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Anayempisha mwenye nguvu njiani hajamwamini; amepima tu gharama ya kutompisha. Mwenye nguvu naye, anapoona njia ni nyeupe mbele yake, hudhani kwamba anapendwa. Hapo ndipo makosa mengi ya sera zetu yalipoanzia. Utulivu wa mkulima anayepeleka mazao yake chamani ulisomwa kama imani, ilhali mara nyingi ulikuwa ni ukosefu wa mahali pengine pa kuyapeleka.

Kwa hiyo, katika makala haya, kuaminiana ni hali ambayo upande dhaifu unaukabidhi upande wenye nguvu kitu chake huku ukiwa na uwezo wa kujua ulichofanyiwa, na uwezo wa kuchukua hatua ukidhulumiwa. Palipokosekana uwezo huo, tusiseme kuna imani. Tuseme kuna subira.

Kilimanjaro: chama kilichoamriwa kiaminiwe

Tuanzie Moshi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wachaga wengi zaidi walianza kupanda kahawa, wakihimizwa na baadhi ya maofisa wa utawala wa Kiingereza, hasa Charles Dundas. Walowezi wa Kizungu hawakufurahia. Walidai kwamba mashamba madogo ya Waafrika yangeeneza wadudu na magonjwa, na hawakuficha hofu yao ya kukosa vibarua iwapo Mchaga angepata fedha kutoka kwenye kihamba chake. Katika Kenya ya wakati huo Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ya arabika, na walowezi wa Kilimanjaro walitamani utaratibu huo uvuke mpaka.

Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Chama hicho kilishughulikia dawa za wadudu na uuzaji wa pamoja wa kahawa, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kulinda haki yenyewe ya kulima. Hakikuundwa na serikali, na hilo ndilo lililokipa heshima kijijini na mashaka ofisini. Kilipoanza kusema juu ya ardhi na kodi, utawala uliona kimevuka mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uongozi wake uliandamwa kwa tuhuma za fedha na Merinyo akaondolewa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932 ikafungua njia ya chombo kipya, Kilimanjaro Native Co-operative Union, ambacho wengi tunakijua kwa jina la KNCU. Kilianza kazi mwaka 1933, meneja wake akiwa Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Kwa nje mabadiliko hayo yalionekana kuwa maendeleo. Chama kipya kilikuwa na sheria, ukaguzi wa hesabu na uhusiano mzuri na utawala. Lakini mwaka 1934 kanuni iliyopitishwa kwa mamlaka ya machifu ilimlazimisha kila Mchaga auze kahawa yake kupitia KNCU. Kabla ya hapo mkulima alikuwa na mizani yake moyoni: chama kikilipa vizuri nitabaki, kikinipunja nitaangalia kwingine. Kanuni ile iliiondoa mizani hiyo. Tangu siku ile mkulima hakuwa na namna ya kukiambia chama chake kwamba hakiridhiki isipokuwa kwa ghasia.

Na ghasia zilikuja. Bei ya kahawa ilipokuwa duni katika miaka hiyo ya mdororo wa dunia, wakulima walianza kuuliza makato yanakwenda wapi na meneja analipwa nini. Mwaka 1937 maghala ya vyama yalishambuliwa katika sehemu mbalimbali za mlima. Serikali ilituma polisi, na baadhi ya waliohesabiwa kuwa viongozi wa upinzani wakahamishwa kwa nguvu kutoka kwao. Kisha ukafuata uamuzi ambao msomaji mtumishi wa umma anapaswa kuutazama kwa makini, kwa sababu tumeurudia mara nyingi. Badala ya kumrudishia mkulima uwezo wa kukikagua chama, sheria ya mwaka huo huo iliweka chombo kingine juu ya chama: Bodi ya Kahawa ya Wenyeji ya Moshi, ambayo kahawa yote ilipaswa kupitia kwake, KNCU ikiwa wakala wake. Imani ilipopungua, iliongezwa ngazi.

Ni haki kusema kwamba KNCU ilikuja kuheshimika. Baada ya Vita vya Pili bei ya kahawa ilipanda sana, na katika miaka ya 1950 chama kiliwekeza katika elimu na majengo ambayo Wachaga waliyaona kwa macho. Lakini mwanahistoria hana budi kutenganisha imani iliyotokana na muundo na imani iliyotokana na bei nzuri. Ya pili huondoka na bei.

Usukumani: mizani ya pili

Mfano wa kinyume unatoka Kanda ya Ziwa. Pamba ya Usukumani mwishoni mwa miaka ya 1940 ilinunuliwa na wenye viwanda vya kuchambulia pamba pamoja na mawakala wao, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Serikali ndiyo iliyotangaza bei ya msimu na kusimamia madaraja ya pamba, ile safi na ile fifi. Kwa karatasi, mkulima alilindwa: hakuna mnunuzi aliyeruhusiwa kumlipa chini ya bei iliyotangazwa.

Hapa tutulie kidogo, maana hapa ndipo penye somo. Bei ilidhibitiwa, mizani haikudhibitiwa. Wakala aliyezuiwa kupata faida ya ziada kwenye bei aliitafuta mahali ambapo jicho la serikali halikufika, yaani kwenye uzito na kwenye daraja. Mkulima alifika na mzigo aliotembea nao tangu alfajiri, hajui kusoma alama za mizani, na nyuma yake kuna foleni. Chukulia mzigo wa ratili 60 umesomwa kuwa 57. Hakuna sheria ya bei iliyovunjwa. Kila ratili imelipwa kama ilivyotangazwa. Lakini sehemu moja katika ishirini ya jasho la mtu imebaki dukani. Zidisha kwa mizigo ya msimu mzima, kisha zidisha kwa vituo vyote vya ununuzi, utaelewa kwa nini katika Usukuma neno mizani lilikuwa neno la siasa kabla ya neno uhuru.

Malalamiko yalipofikishwa bomani, jibu lilikuwa kwamba kuna wakaguzi. Walikuwepo, lakini walikuwa wachache, na wakala alijua siku watakayofika. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walipofanya jambo ambalo naliona kuwa miongoni mwa ubunifu mkubwa wa utawala bora katika historia ya nchi hii, ingawa halimo katika vitabu vingi vya utawala bora. Waliajiri wapimaji wao wenyewe. Karibu na vituo vya ununuzi iliwekwa mizani ya pili. Mkulima alipima pamba yake kwa mtu wa kwao kwanza, akajua uzito wake, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Wakala akisema 57, mkulima alikuwa na jibu.

Mizani ile ya pili haikuwa na nguvu ya kisheria. Haikumfunga mtu wala kumnyang'anya leseni. Kazi yake ilikuwa moja tu: ilimwezesha aliye dhaifu kujua. Na kujua huko kulibadilisha mwenendo wa kituo kizima, kwa sababu wakala sasa hakujua ni mkulima yupi anayejua uzito wake na ni yupi asiyejua.

Kijana aliyeunganisha vuguvugu hilo alikuwa Paul Bomani, aliyekuwa akisimamia ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Mwanza. Mwaka 1952 ilianzishwa Lake Province Growers Association, na vyama vya msingi vya ushirika vikaanza kuandikishwa. Mwaka 1955 vyama vikuu viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU, shirikisho lililokuja kutajwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani. Mwaka uliofuata lilikuwa na kiwanda chake cha kwanza cha kuchambulia pamba, huko Kasamwa, Geita. Kumbuka pia mazingira ya kisiasa: kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 TANU ilizuiwa kufanya kazi katika jimbo hilo. Katika miaka hiyo ushirika ndio uliokuwa uwanja ambamo watu walijifunza kuchagua viongozi, kusoma hesabu hadharani na kumuuliza mkubwa maswali.

Ni katika kipindi hicho kwamba uhusiano kati ya wakulima, serikali, wenye viwanda na Bodi ya Pamba na Mbegu iliyoundwa mwaka 1952 ulifanya kazi kwa kiwango cha kuridhisha. Sitaki kupaka rangi: pande hizo hazikupendana. Kwenye bodi wakulima walikuwa na sauti ndogo mbele ya maofisa na wafanyabiashara. Lakini kila upande ulikuwa na mtu wa kuuangalia. Chama kilishindana na wakala binafsi kununua pamba ile ile. Wakala akipunja, mkulima alihamia chamani. Chama kikizembea, mkulima alirudi kwa wakala. Uzalishaji wa pamba ulikua mara kadhaa katika muongo ule. Mkulima hupanda zaidi pale anapotarajia kulipwa sawasawa.

Mkaguzi asiye na mkaguzi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 VFCU ilishika ununuzi wote wa pamba ya wakulima katika eneo lake. Ulikuwa ushindi mkubwa na wa haki. Wakala aliyepunja watu aliondoka. Ila kuondoka kwake kuliacha pengo ambalo hakuna aliyeliona wakati wa shangwe: mizani ikawa moja tena.

Baada ya Uhuru mwaka 1961 mfano huo ulienezwa nchi nzima kwa haraka. Vyama vya ushirika vilikuwa zaidi ya 850 wakati wa Uhuru. Kufikia mwaka 1966 vilikuwa zaidi ya 1,500. Vingi viliundwa kutoka juu, katika maeneo ambayo wakulima hawakuwa wameviomba, ili viwe mawakala wa bodi za mazao kama ile ya Taifa ya Mazao ya Kilimo iliyoanza mwaka 1963. Njia ikawa moja: mkulima, chama cha msingi, chama kikuu, bodi, soko la dunia. Fedha zilirudi kwa njia hiyo hiyo, na kila kituo kilikata gharama zake kabla ya kupitisha kilichobaki. Bodi ilikata, chama kikuu kikakata, chama cha msingi kikakata. Mkulima alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya malipo ingawa alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kazi. Gharama ikizidi mahali popote njiani, haikubebwa na aliyeizidisha, bali ilishuka hadi shambani.

Malalamiko yaliposambaa, Rais Julius Nyerere aliunda kamati maalumu iliyotoa taarifa yake mwaka 1966. Kamati ilikuta wanachama wasioelimishwa kuhusu haki zao, watumishi wasio na ujuzi, wizi, na wanasiasa wanaoingilia uteuzi na maamuzi. Taarifa hiyo ni hati ya maana sana, na ninawashauri wanafunzi waitafute maktabani. Iliona kwamba wanachama hawakuwa na uwezo wa kuwasimamia waajiriwa wao. Lakini hatua zilizofuata zilielekea kwingine. VFCU na vyama vingine kadhaa viliwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na shirikisho lile likageuzwa kuwa Nyanza Co-operative Union. Mwaka 1968 sheria mpya iliunda tume ya pamoja ya utumishi wa ushirika, iliyochukua mamlaka ya kuajiri na kuwaadhibu watumishi wakuu. Katibu aliyekuwa akiwaogopa wanachama kidogo sasa aliwaogopa kidogo zaidi, maana ajira yake ilitoka kwingine.

Tazama jinsi historia ya Moshi ya mwaka 1937 ilivyojirudia, safari hii chini ya serikali yetu wenyewe, yenye nia njema isiyo na shaka. Ugonjwa uligunduliwa kuwa udhaifu wa mwanachama. Dawa iliyotolewa ilimnenepesha msimamizi.

Hatua ya mwisho ya mantiki hiyo ilifika tarehe 14 Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa. Kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, ndicho kilichohesabiwa kuwa ushirika, na mamlaka za mazao zilizoundwa kuanzia mwaka 1973 zikanunua moja kwa moja kutoka vijijini. Mali za vyama, vikiwemo viwanda ambavyo wakulima wa pamba walivijenga kwa makato yao, zilikwenda kwa vyombo vya umma. Katika mtandao mzima wakabaki wawili, kijiji na mamlaka, mmoja akiwa na nguvu zote. Mazao yalichelewa kuchukuliwa, malipo yakachelewa zaidi, na wakulima wa mipakani wakaanza kuuza mazao yao nje kwa njia za panya. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha vyama, na mwaka 1984 vyama vikuu vilianza tena. Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvunja ushirika, sawa na kufuta serikali za mitaa, kulikuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia. Ni kiongozi adimu anayekiri hivyo. Lakini imani hairudi kwa tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Vyama vilivyorudi havikuwa vile vilivyojengwa na wapimaji wa Mwanza. Vingi vilirudi na madeni, bila kumbukumbu, na bila watu waliozoea kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuliachia soko. Tulijaribu hilo pia. Sheria za miaka ya 1993 na 1994 ziliwaruhusu wanunuzi binafsi. Malipo ya papo kwa papo yaliongezeka, na hilo lilikuwa jema. Lakini pembejeo za mkopo zilikosa msimamizi, kwa kuwa aliyekopesha hakuwa na uhakika wa kununua zao. Ubora wa pamba ulishuka, na mizani iliyochezewa, ile ya miaka ya 1940, ikarudi vijijini. Suala si dola dhidi ya soko. Mwenye nguvu asiyekaguliwa hufanana popote alipo, awe na leseni ya biashara au na barua ya uteuzi.

Korosho: msimu ambao kila mtu alijifunza

Sasa nirudi kwa baba wa mwanafunzi wangu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho katika msimu wa 2007/08, ulibuniwa kujibu unyonyaji wa wanunuzi wa kangomba waliowakopesha wakulima nyakati za njaa na kuchukua korosho kwa bei ya kutupwa. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, korosho hukusanywa ghalani, stakabadhi hutolewa, mnada hufanyika na fedha hurudi. Minada mizuri ilimpa mkulima bei ambayo mnunuzi wa mlangoni asingempa. Ushindani wa wanunuzi mnadani ulikuwa, kwa namna yake, mizani ya pili ya bei.

Lakini baada ya mnada mkulima hakuwa na namna ya kufuatilia fedha zake njiani. Makato yalikuwa mengi na majina yake yalibadilika. Mwezi Aprili 2013, huko Liwale, hasira juu ya malipo yaliyopungua kuliko yaliyoahidiwa iligeuka moto, na nyumba za viongozi zikachomwa. Miaka 76 baada ya maghala ya Kilimanjaro, lugha ilikuwa ile ile.

Mwaka 2018 mtandao mzima ulivunjika ndani ya miezi michache. Mwezi Juni Bunge lilibadili utaratibu wa ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje. Hapo awali asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye sekta kwa ajili ya pembejeo na maendeleo ya zao; sasa yote ingekwenda Hazina. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu wakashindwa. Mwezi Oktoba wakulima waliikataa mnadani bei waliyoiona ndogo. Tarehe 10 Novemba Bodi ya Korosho ilivunjwa na waziri wa kilimo akaondolewa. Siku mbili baadaye Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya.

Wengi kusini walishangilia, na sitawacheka. Bei ilikuwa nzuri kuliko iliyotolewa na wanunuzi, na kwa mara ya kwanza mkulima aliona dola ikimsimamia mbele ya mfanyabiashara. Lakini angalia kilichotokea kwenye mtandao. Chama, bodi, mnada na wanunuzi walisimama pembeni; akabaki mkulima na dola, kama kijiji na mamlaka ya mazao miaka ya 1970. Uhakiki ukaanza: mwenye korosho nyingi alitakiwa kuthibitisha shamba lake. Katika miaka ya 1950 mkulima alimpima mnunuzi. Sasa mnunuzi alimpima mkulima. Malipo yalichelewa kwa wengi hadi ndani ya mwaka 2019, na hapakuwa na dirisha la kupeleka swali, kwa sababu mlipaji, mnunuzi, mdhibiti na mwamuzi walikuwa mtu mmoja. Aliyezoea kuuza kwa kangomba alirudi huko huko, ingawa sheria ilikataza, maana kangomba hulipa kidogo lakini hulipa leo.

Tunachoweza kufanya

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, historia hii inasema jambo la kiutendaji. Kila mara taasisi dhaifu inapofanya vibaya, kishawishi ni kuihamishia kazi yake ngazi ya juu. Kabla ya kuandika waraka huo, uliza kwanza: baada ya hatua hii, nani aliye chini atakuwa na uwezo mpya wa kumkagua aliye juu? Kama jibu ni hakuna, waraka huo utaleta utulivu wa misimu michache, na moto baadaye. Mizani za kidijitali na malipo kwa simu ni hatua njema. Lakini mizani ya kidijitali inayomilikiwa na upande mmoja bado ni mizani moja. Mkulima apate mahali pa kupima upya, nakala ya hesabu ya mnada inayoonesha kila kato kwa jina na kiasi, na mtu wa kumuuliza ambaye hateuliwi na yule anayelalamikiwa.

Kwa wanaharakati, ningeomba tupunguze hotuba juu ya uadilifu na tuongeze wapimaji. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wa Usukumani hawakusubiri wakala awe mwema. Walinunua mizani na kumlipa kijana anayejua kuisoma. Kijana mmoja wa kidato cha nne anayeweza kuisoma taarifa ya mapato na makato ya chama mbele ya mkutano mkuu ana thamani kuliko makongamano matatu ya hotelini.

Na kwa mwanafunzi wangu: baba yako si mkaidi wala hajakosa elimu ya ushirika. Anakumbuka. Amepeleka zao lake kwa taasisi nne zinazosema zinamtetea, na hakuna hata moja aliyoweza kuiuliza swali akapata jibu kabla ya msimu mwingine. Ukirudi likizo, usimfundishe kuamini. Nenda naye chamani, muombe katibu taarifa ya makato ya msimu uliopita, uisome kwa sauti mbele ya waliopo. Kisha uje unieleze walivyokujibu.